Mgongo wa Baba Mkwe

Jumapili iliyopita mchungaji mgeni alisimama mbele yetu hapa Uyole akasema uzee ni baraka, na kwamba mwenye mzee nyumbani anakaa na baraka ya Mungu sebuleni. Watu wakaitikia amina. Mimi niliinuka, nikapenya katikati ya magoti ya watu, nikatoka nje nikatema mate kwenye nyasi. Mama mmoja akanifuata, akaniuliza kama ni malaria. Nikamwambia siyo malaria, ni kinyaa.

Sisemi kwamba mchungaji ni mwongo. Labda kwao wazee wanakaa sebuleni kweli. Mimi baraka hiyo nimeifua kwa mikono hii, kwa hiyo anayetaka kunihubiria habari za uzee aje kwanza niinuse mikono yake. Kama inanukia sabuni ya hotelini, aende akahubirie wengine.

Mzee ninayemsema ni baba mkwe wangu, baba yake Jailos mume wangu. Jina lake silitaji. Kwetu Unyakyusa mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, na siwezi kuanza leo. Tumwite Mzee, inatosha. Wala si jina tu. Mwanamke hamwangalii baba mkwe usoni, hali naye, hapiti mbele yake, hasimami naye ndani ya chumba kimoja. Akimwona anakuja njiani anaacha njia, anaingia migombani, anachutama na kumpa mgongo mpaka apite. Mzee naye, kama ana adabu, anakohoa tangu mbali ili mwanamke apate nafasi ya kujificha. Sisi tunasema mke anamwogopa mkwe wake, na nilipokuwa msichana nilifundishwa kwamba asiyemwogopa anauletea ukoo laana.

Niliolewa kabla ya Uhuru. Tangu siku hiyo mpaka Mzee anafariki, sikuwahi kuiona sura yake. Nilimjua kwa kikohozi, kwa fimbo yake yenye ncha ya chuma iliyokuwa inagonga mawe, na kwa sauti nyembamba ambayo usingeitegemea kwa mtu mwenye maneno makubwa vile.

Maisha yake niliyasikia kupitia ukuta. Jioni alikuwa anawakusanya wajukuu, na mimi jikoni nasonga ugali huku nimetega sikio. Alizaliwa juu kule Tukuyu wakati Wajerumani wako nchini. Vita vyao na Waingereza vilipokuja alichukuliwa, hata ndevu hazijaota, akabebeshwa masanduku ya risasi mpaka Iringa na kuendelea huko mbele. Alikuwa anasema afisa wa Kijerumani alimpenda sana, akamfanya kama mtoto wake, na kwamba katika vita vile vyote hakuonja kiboko hata kimoja wakati wenzake wanachapwa kila siku. Baadaye akaenda kuchimba dhahabu Lupa, akarudi bila dhahabu, akapanda kahawa, akaoa, akazaa, akazika. Mabinti zake wote walitangulia. Wakabaki wavulana wawili, Yohane mkubwa, na Jailos wangu. Hadithi ya yule afisa aliirudia mpaka wajukuu wakaijua kama sala. Mimi jikoni nilikuwa nacheka peke yangu, nikisema mzee huyu anajua kujipigia debe.

Jailos ni dereva wa malori, na kazi ndiyo iliyotuleta Uyole. Mke wa mwisho wa Mzee alipokufa, Mzee akaletwa kwetu. Yohane ana ofisi Iringa, na nyumba ya bati yenye vyumba mpaka vingine havina mtu, lakini alisema hali ya hewa ya Iringa haimfai baba. Uyole mwezi wa saba baridi inakata masikio, maji ya mtungini yanauma meno, ila hiyo ndiyo hali ya hewa iliyomfaa baba. Mke wa Yohane ndiye aliyeigundua hali ya hewa hiyo, nilikuja kuambiwa.

Kule Tukuyu migomba ni mingi, kujificha ni kazi rahisi. Hapa kwetu mwaka wa Operesheni Vijiji tulipangwa kwenye mstari, mlango unatazama mlango, njia katikati, hakuna hata kichaka cha kumficha kuku. Siku moja nimejitwika debe la maji, nikasikia kikohozi hapo mbele yangu kabisa. Kukimbia siwezi, pa kujificha hapana. Nikakata kona nikajitosa kwa jirani yetu Kalinga, Mhehe mmoja mpole, nikazama kwenye lundo lake la samadi mpaka magotini, nimewapa wote mgongo. Kalinga alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi.

"Mama Roza," akaniuliza, "umepoteza nini humo?"

"Heshima," nikamwambia. "Naitafuta."

Alinicheka mpaka msimu wa viazi ukaisha. Lakini tuliweza hivyo hivyo. Jailos alimjengea Mzee kijumba nyuma ya nyumba, mlango umegeuzwa upande wa shamba. Chakula na maji ya kuoga alikuwa anapelekewa na Roza, binti yangu wa mwisho, kwa sababu mjukuu na babu hawana mwiko. Mzee alikuwa anaoga mwenyewe, anafua mwenyewe, anakohoa, maisha yanakwenda.

Mwaka ule wa vita vya Kagera Roza akapata nafasi ya kusoma Iringa. Haukupita muda Mzee akateleza akitoka chooni, na kuanzia siku hiyo miguu ikakataa. Kalinga ndiye aliyembeba akamlaza kitandani. Akarudi mara moja moja kumgeuza, mpaka mke wake akamwambia basi, mzee wa watu ana wanawe. Alisema kweli. Ana wanawe.

Mimi chakula nilikuwa nakisukuma mlangoni kwa kijiti, nimegeuza uso, kama nalisha mbwa mkali. Yeye anakivuta kwa fimbo yake. Kinaingia. Na chakula kikiingia kwa mtu kinatoka, ila hilo hakuna aliyetaka kulizungumza. Harufu ikaanza kidogo kidogo. Kwanza ilikaa kule nyuma, halafu ikapanda mpaka jikoni, ikaingia kwenye ugali. Nainua tonge, nalirudisha. Inzi wa Uyole wote walihamia kwangu.

Nikampelekea Jailos habari kwa mdomo wa dereva mwenzake. Akaja na lori lake, akaingia kwa baba yake amejivika kifua cha simba. Kufumba na kufumbua yuko nje, ameinama kwenye tairi la lori, anatapika. Akajifuta mdomo kwa kofia.

"Baba amechoka sana," akasema.

"Hajachoka. Amechafuka. Maji nimeshachemsha, ingia umwoshe."

Akasema lori lina mzigo wa watu, unasubiriwa Makambako. Mizigo ya Jailos daima inasubiriwa, hasa ile inayopitia Mlandege kule Iringa, ambako kuna mwanamke anayemfulia mashati. Akaniambia nimwage majivu mlangoni kupunguza harufu. Halafu akawasha lori. Nilisimama na sufuria yangu ya maji ya moto, na nilivyomtazama mume wangu siku ile, hata leo sijaweza kumtazama tofauti.

Yohane alikuja baada yake, na Landrova ya ofisi, suti ya mikono mifupi imenyooshwa pasi. Yohane ni mzee wa kanisa. Alisimama kizingitini, leso puani, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nasikia kila neno.

"Baba, wewe umebarikiwa," akasema kupitia leso. "Umeona wajukuu, umeona vitukuu. Wa rika lako wako wapi? Wewe Mungu bado anakuhifadhi."

"Nitoe humu," Mzee akamjibu.

"Amina," akasema Yohane.

Nilimngoja kwenye Landrova yake. Akaniuliza kama tunamtunza baba vizuri. Nikamwambia baba yako anaoza, shemeji, na wewe umeona. Akasema ndio uzee, tutafanyaje. Nikamwambia tutafute mtu tumlipe awe anamwosha. Akashtuka. Mtu baki amshike baba yetu? Watu wa kanisani watasema nini? Basi ukae wewe, nikamwambia, japo kidogo. Kazi zake haziruhusu.

"Basi nitamwosha mimi," nikasema.

Aliniangalia kana kwamba nimevua nguo barabarani.

"Wewe ni mkwe wake. Heshima ya Mzee umeiweka wapi? Unataka kuleta laana kwenye ukoo?"

Akaacha blanketi jipya, la rangi ya udongo, limefungwa kwa kamba. Akaniagiza nimrushie. Blanketi jipya juu ya kinyesi cha jana na juzi. Nilimrushia, ndiyo, nimegeuza uso, nikalisikia linavyotua.

Mzee alikuwa anaita. Mchana kutwa, na ile sauti yake nyembamba, anaita Yohane, anaita Jailos, halafu anaita wale mabinti waliokufa. Mimi hakuniita hata mara moja, maana hakuruhusiwa. Halafu akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikonitia hofu. Nilijua sasa kwamba mtu huyu atakufa amelala ndani ya uchafu wake, nyuma ya nyumba yangu, na mimi nipo hapa napika. Watasema ameshiba siku. Na watasema heshima ilitunzwa.

Ila siwezi kujifanya malaika. Hata bila mwiko, nisingeingia mle kwa kupenda. Nilikuwa namwonea Mzee kinyaa sawasawa na wanawe. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na lori.

Nikasema nianze na sabuni, mengine nitayajua mbele. Na sabuni mwaka ule hakuna. Duka la kijiji mlango wazi, rafu tupu, mwuzaji anapiga miayo. Nguo tulikuwa tunafulia maji ya majivu ya majani ya mgomba, lakini hayo kwenye kidonda ni moto mtupu. Nikaenda kwa Kumud, Mhindi mwenye duka pale karibu na soko. Yeye na mumewe Bharat walikuwa hawakosi kipande chini ya kaunta, kwa mtu wanayemjua.

Nimesimama pale namweleza, pazia la nyuma likafunguka, akatoka mzee wa Kihindi ameshika ukuta, kijibabu kikavu. Kumud akavuta ncha ya sari yake akajifunika kichwa na uso mzima mpaka kidevuni, kama bibi harusi. Hivyo hivyo hamwoni, akamwekea kiti, akamsogezea chai, akamshika mkono akamfikisha kwenye kikombe. Yule babu hakugeuka. Alipokunywa akarudi ndani, na Kumud akaufunua uso.

"Yule ni nani kwako?" nikamwuliza.

"Baba ya Bharat. Kwetu baba mkwe haoni uso yangu."

"Na unamshika mkono?"

"Namshika. Namwogesha miguu, nampa dawa." Akanitazama kama nimeuliza swali la mtoto. "Mama Roza, uso ndiyo nafunika. Mikono sifuniki. Nikifunika mikono, nani atafanya kazi?"

Akanipa sabuni, nikaifunga kwenye pindo la khanga. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu, watu wa lori wakanipigia honi. Wanyakyusa wote tulioumbwa na akili zetu, tumejificha migombani miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kitambaa.

Nilichemsha maji, nikasimama nje ya kijumba, mgongo kwa ukuta. Sikuwahi kusema naye maishani. Nikasema, "Ukuta, mwambie Baba maji yapo tayari."

Nikatega sikio. Nikafikiri nimechelewa. Halafu sauti ikatoka, imepasuka kama redio yenye betri mbovu.

"Ukuta, mwambie mama Roza aende zake. Nimechafuka."

"Ukuta, mwambie Baba najua. Pua ninayo."

Nikasikia anakohoa, au anacheka, kwake vilikuwa kitu kimoja. Kisha akasema, "Mwambie mama Roza hana adabu."

"Mwambie ndiyo, sina. Mwambie nitarusha kitambaa, ajifunge macho na uso wote. Akimaliza akohoe."

Nikavua khanga niliyokuwa nimejifunga juu ya gauni, nikaing'ata pindoni, nikaichana katikati. Nusu moja nikairusha ndani. Nilisimama pale muda mrefu. Nilimsikia anahangaika nayo, mikono yake haikuwa na nguvu. Ndipo akakohoa, kile kikohozi chake cha njiani, cha kuniambia nijifiche. Nikaingia.

Sitawaficha nilichokiona, maana wale waliotakiwa kukiona walikimbia. Blanketi la Yohane lilikuwa limegandamana na godoro. Godoro limegandamana na Mzee. Nilipomvuta, ngozi ilitaka kubaki. Kiunoni kulikuwa na kidonda kinachoingia ngumi, na ndani yake kulikuwa na funza, weupe, wanene, wamejaa tele. Nilitoka nikatapika. Nikarudi. Nikatoka tena. Mara ya pili nilipoinua kichwa nikamwona Kalinga kwenye uzio wake, akageuka haraka akajitia anachuma mboga. Nikamtukana kwa Kihehe, yale matusi machache ninayoyajua, nikarudi ndani nikamaliza.

Na nilipoumwagia maji mgongo wake nikaona kingine. Bega la kulia lilikuwa na nundu ngumu, ya mtu aliyebeba mizigo mizito akiwa bado hajakomaa. Hilo nililitegemea. Chini yake, tangu mabegani mpaka kiunoni, mgongo mzima umekatwakatwa na mistari, kovu juu ya kovu, ya zamani sana, imekuwa laini na myeupe. Huo ni mgongo wa mtu aliyechapwa, na si mara moja. Mkono wangu ukasimama na sabuni.

"Ukuta," nikasema, "muulize Baba, yule afisa wake alikuwa na mkono mzito?"

Alipapasa fundo la khanga, akalikaza.

"Mwambie mama Roza wajukuu wasiambiwe."

"Ukuta hauna mdomo, Baba."

Basi ikawa hivyo. Mimi nachemsha maji, yeye anajifunga, anakohoa, naingia. Godoro nililichoma, nikamtandikia majani makavu ya migomba na magunia, niwe nayabadilisha. Funza waliisha, ila kidonda hakikufunga. Kinyaa nacho hakikuisha, asije mtu akawadanganya kwamba mtu anazoea. Kila siku mlangoni nilikuwa natema mate kwanza, ndipo naingia. Lakini tulizungumza na ukuta, na siku nyingine ukuta ulisikia mambo ya kuchekesha. Mara moja nilimuuliza uzee ukoje, maana na mimi ninakuja huko.

"Mwambie mama Roza," akasema, "nilimwomba Mungu miaka mingi, akanipa. Nilisahau kumtajia miguu." Akavuta pumzi. "Na wana nilimwomba. Sikumtajia wa namna gani."

Asubuhi moja nilichemsha maji, nikaita ukuta, hakukohoa. Nilisubiri. Nikaita tena. Nikachungulia nimegeuza uso nusu, nikaona mkono wake umening'inia nje ya kitanda, na nusu ya khanga yangu imefungwa usoni. Alikuwa ameshajitayarisha kuoga.

Habari ikapelekwa Iringa, na jibu la Yohane likaja kwa dereva: asiguswe na mtu mpaka tufike. Wakaja kesho yake na lori zima la watu, wanawake wanalia tangu barabarani, ng'ombe amefungwa nyuma. Watu ambao sikuwaona Mzee alipokuwa anaita walijaa uani mpaka wakakanyaga mboga zangu. Mke wa Yohane alijitupa chini mara tatu, kila mara mahali pasipo na tope.

Wazee wa ukoo wakawekewa viti. Yohane akaniita mbele yao, akaniuliza nani aliyemkuta baba amefariki.

"Mimi."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa naenda kumwosha."

Palizuka mguno. Yohane akauliza tena polepole, kama hakimu, nikamjibu tena polepole. Nimemwosha tangu mwezi wa saba, nikasema, na uso wake sijauona, alikuwa amejifunga. Hawakutaka kusikia habari za kitambaa. Mzee mmoja akasema sasa tumejua kilichomuua. Mwingine akasema aibu ya kuonwa na mkwe wake ndiyo iliyomkata pumzi. Wakaamua kwamba watu wa kwetu nilikozaliwa watoe ng'ombe wa kusafisha ukoo, na mimi nikae mbali na msiba, kwa sababu nina mkosi. Nilimtazama Jailos. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Ni viatu vizuri, sikatai.

Nikaenda nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Yohane na wazee wawili wakakunja mikono ya mashati, wakachukua ndoo na sabuni yangu, ile ya Kumud, wakaenda kumwosha baba yao kwa heshima. Uani wanawake wakaanza wimbo. Hawakumaliza hata ubeti wa kwanza. Mzee wa kwanza alitoka ameziba mdomo kwa mikono miwili. Wa pili alikaa chini palepale mlangoni. Yohane alitoka mwisho, uso una rangi ya majivu, ndoo haijapungua maji. Walikuwa wamefunua blanketi tu, basi.

Wakanong'ona. Wakaitana vijana wa ukoo, vijana wakakumbuka kwamba hakuna kuni. Jailos aliitwa, hakuonekana, kumbe anakagua breki za lori. Kisha Yohane akaja mpaka kwenye jiwe langu. Alisimama mbali kidogo, anaangalia pembeni.

"Mama Roza," akasema, "nenda wewe. Wewe si umezoea."

Nilimwacha asimame. Nilitaka aisikie kauli yake mwenyewe, lakini sidhani kama aliisikia.

"Na laana?" nikamwuliza.

"Hayo tutayazungumza baadaye."

Maneno yalinijaa mdomoni, nikayameza, kwa sababu aliyelala mle hakuwa Yohane. Niliingia nikafunga mlango. Nilimwosha kama siku zote, kidonda kwanza, halafu miguu, halafu ule mgongo wake, taratibu, na nikamwambia ukuta mambo ninayomwambia Baba, ambayo hayawahusu. Nikamvalisha suti aliyoletewa, mpya, haijapata kuvaliwa. Ilibaki khanga. Nilikaa naye nikiangalia lile fundo alilolifunga kwa vidole visivyo na nguvu. Hakuna aliyekuwa ananizuia tena. Nilishika fundo. Halafu nikafikiri kwamba katika ukoo huu wote yeye peke yake ndiye aliyeniheshimu, mpaka asubuhi ya kufa kwake, alipojihangaisha ili nisione haya. Nikaliacha.

Sanduku lilipowekwa uani Yohane akatangaza watu waje wamuage baba. Akachungulia, akaniita.

"Mbona uso bado umefungwa?"

"Umefungwa ndiyo."

"Ufungue basi, watu wamwone."

"Mimi ni mkwe wake," nikasema, kwa sauti, wanawake wasikie mpaka kwa Kalinga. "Mikono nilimwazima. Uso ni wenu. Sogea ufungue."

Yohane akamtazama Jailos, ambaye breki zake zilikuwa zimeshapona. Jailos akawatazama wazee. Harufu kidogo bado ilikuwepo, sabuni haiondoi kila kitu, na inzi mmoja alikuwa anatembea juu ya khanga pale penye mdomo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee mmoja akasema jua linakwenda, tusichelewe kaburini. Wakapigilia misumari.

Kaburini Yohane alizungumza vizuri sana. Alisema baba yetu amekufa ameshiba siku, katikati ya wanawe, na kwamba uzee wake ulikuwa baraka kwa ukoo mzima. Alisimulia habari za vita vya Mjerumani na yule afisa, na jinsi baba alivyokuwa mtu ambaye katika maisha yake yote hakuna aliyethubutu kumchapa. Watu wakaitikia amina. Ng'ombe wa kusafisha ukoo hawakumtaja tena, siku ile wala baadaye.

Mimi nilisimama nyuma ya wanawake. Nilikuwa nimejifunga ile nusu nyingine ya khanga, nyuzi zinaning'inia upande mmoja, na hakuna aliyeniuliza nusu yake iko wapi.